Je, doria za manowari huilinda kweli meli ya mizigo dhidi ya maharamia?

Shangazi wa Changamwe aliuliza:

Shikamooni wazee wa bahari, na wengine nyote hamjambo. Mtoto wa kaka yangu amehitimu mafunzo ya ubaharia na amepata kazi ya sitaha katika meli ya mizigo ambayo, kwa mujibu wa mkataba wake, itakuwa ikienda na kurudi kati ya Mombasa, Salalah kule Oman na bandari za Bahari ya Shamu. Sisi tunaoishi jirani na bandari hatujaisahau miaka ile ya maharamia wa Kisomali. Septemba 2008 ilitekwa meli ya mizigo Faina ikiwa njiani kuja Mombasa na vifaru 33. Novemba mwaka huohuo ikatekwa Sirius Star, meli ya mafuta yenye urefu wa mita 330, umbali wa maili za baharini zipatazo 450 kusini-mashariki ya Mombasa. Na Aprili 2009 ikawa zamu ya Maersk Alabama, ambayo nayo ilikuwa ikija huku kwetu. Baadaye habari hizo zikapungua hadi zikakaribia kwisha, na tukaambiwa kwamba manowari za mataifa ndizo zilizoleta utulivu.

Naomba nieleweshwe mambo mawili. La kwanza, manowari chache zinawezaje kulinda bahari kubwa kiasi hicho? La pili, NATO ilimaliza operesheni yake tangu mwaka 2016, na kijana wetu anaingia kazini leo. Je, anakwenda akilindwa na nani? Sihitaji maneno ya kunipoza moyo. Ninataka kujua kazi hiyo inavyofanyika, kwa sababu mama yake ananiuliza kila jioni na mimi sina la kumjibu.

Afisa wa Zamu alijibu:

Marahaba, dada yangu, na hongera kwa kijana. Nilikuwa afisa wa zamu katika meli za shehena zilizopita Ghuba ya Aden wakati uharamia ulipokuwa mkali, kwa hiyo nitaeleza ulinzi huo kama ulivyoonekana kwetu sisi tuliokuwa tukilindwa.

Hakuna jeshi la wanamaji lililowahi kujaribu kuilinda bahari nzima. Kilicholindwa kilikuwa njia. Mapema mwaka 2009 uliwekwa ushoroba katikati ya Ghuba ya Aden, wenye urefu wa maili za baharini zipatazo 490, ukiwa na njia ya kwenda mashariki na njia ya kwenda magharibi, kila moja yenye upana wa maili 5, na kati yake maili 2 za kuzitenganisha. Manowari za Atalanta, operesheni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza Desemba 2008, pamoja na za NATO na za CTF 151, kikosi cha mataifa mengi kilichoundwa Januari 2009, ziligawana ushoroba huo vipande vipande, kila moja ikikaa katika kipande chake kama askari wa barabarani kwenye njia panda yake. China, India, Urusi, Japani na Korea Kusini zilipendelea kusindikiza misafara kutoka mwanzo wa ushoroba hadi mwisho wake. Makamanda wa nchi hizo, ambazo nyingine hazielewani kabisa katika mambo mengine ya dunia, walikuwa wakikutana Bahrain kupanga ratiba ili misafara isigongane na pasiwepo siku iliyoachwa wazi, na kwa maoni yangu vikao vile vilifanya kazi kubwa kuliko mizinga.

Meli ambazo hazikuingia katika msafara zilipangiwa saa za kuingia ushorobani kulingana na mwendo wake. Meli ya mwendo mdogo ilitangulia, ya mwendo mkubwa ikafuata, na hesabu ilifanywa ili zote zijikute karibu karibu, wakati wa usiku, katika sehemu yenye hatari kubwa zaidi. Maharamia walihitaji mwanga wa kupandia, kwa hiyo alfajiri na jioni ndizo saa tulizozihofia kuliko saa nyingine zote.

Sasa tufanye hesabu, maana suala zima ni la muda. Boti ya maharamia inayokwenda maili 25 kwa saa (maili za baharini, kila ninapotaja maili), ikionekana maili 4 nyuma ya meli inayokwenda maili 14 kwa saa, itaifikia meli hiyo baada ya dakika 22 hivi. Manowari iliyo umbali wa maili 50, hata ikienda maili 25 kwa saa, itafika baada ya saa mbili. Helikopta yake inayoruka maili 130 kwa saa itafika baada ya dakika 23. Utaona basi kwamba katika ushoroba, ambamo manowari haikuwa mbali sana, helikopta ilikuwa na nafasi ya kuwahi, lakini katika bahari kuu, ambako manowari ya karibu ingeweza kuwa umbali wa siku nzima, meli ilibaki kujitegemea.

Ndiyo maana doria peke yake isingetosha. Ilibidi meli yenyewe ijinunulie dakika. Tulizungusha seng'enge za wembe kwenye ukingo wote wa sitaha, tukafungulia mipira ya kuzimia moto imwage maji ubavuni na upande wa tezi, tukaongeza watu wa zamu wenye darubini, na hata kusimamisha sanamu zilizovishwa ovaroli ili kwa mbali zidhaniwe kuwa walinzi. Boti ilipoonekana, nahodha aliongeza mwendo na kugeuza usukani mara kulia mara kushoto ili ubavu wa meli upige mawimbi na boti ishindwe kusogea. Miongozo ya usalama iliyotolewa kwa wenye meli mwaka 2011 ilisema kwamba hadi wakati huo haijaripotiwa maharamia kupanda meli inayokwenda zaidi ya maili 18 kwa saa. Meli nyingi za shehena, hasa zenye mzigo mzito na ubavu mfupi, haziwezi mwendo huo, na hizo ndizo zilizoliwa.

Hatua ya mwisho ilikuwa chumba cha kujifungia, mara nyingi chini karibu na injini, chenye mlango wa chuma, maji, chakula na simu ya setilaiti. Mabaharia wote wakishaingia humo na injini zikazimwa, maharamia wanajikuta wamekamata chuma kisichokwenda wala hakina mateka, na wanamaji wanaweza kupanda bila hofu ya kuwaua wasio na hatia. Septemba 2010 mabaharia 11 wa meli ya Magellan Star walijifungia namna hiyo. Wanamaji wa Marekani wakapanda na kuwakamata maharamia 9 bila risasi kufyatuliwa. Lakini sharti lake ni moja gumu: akibaki nje hata mtu mmoja, mpango wote umevunjika.

Jambo jingine, ambalo wageni walichelewa kulielewa ilhali mvuvi yeyote wa kwetu angewaambia, ni pepo. Kusi inapovuma kwa nguvu, kuanzia Juni hadi Agosti, boti ndogo haziwezi kufanya kazi katika bahari iliyo wazi, na mashambulizi hupungua yenyewe. Wakati wa tangambili bahari inapolala, ndipo wanapotoka. Kwa hiyo mtu akikuonyesha takwimu za Julai kuwa ushahidi wa mafanikio ya doria, muulize habari za Oktoba.

Takwimu za mwaka mzima, hata hivyo, hazina ubishi. Ofisi ya kimataifa inayofuatilia uharamia iliandika meli 49 zilizotekwa na maharamia wa Kisomali mwaka 2010, 28 mwaka 2011, 14 mwaka 2012 na 2 tu mwaka 2013. Manowari zilichangia, mabaharia walichangia, na walinzi wenye silaha walioanza kuajiriwa kwa wingi kuanzia mwaka 2011 walichangia sana.

Wakili wa Pwani alijibu:

Ninashukuru kwa maelezo ya Afisa. Ningependa kuongeza upande ambao mara nyingi husahauliwa, nao ni kwamba manowari inaweza kumkamata mtu, lakini haiwezi kumhukumu.

Sheria ya kimataifa ya bahari inairuhusu nchi yoyote kukamata chombo cha maharamia katika bahari kuu na kuwashtaki katika mahakama zake. Ndani ya maili 12 kutoka pwani mamlaka ni ya nchi husika, na ndiyo sababu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1816 mwezi Juni 2008, likiruhusu manowari za kigeni kuingia katika maji ya Somalia kwa ridhaa ya serikali ya mpito ya wakati huo. Ruhusa hiyo iliongezwa mwaka baada ya mwaka hadi ilipokoma Machi 2022.

Ugumu ulianza baada ya kukamata. Nchi nyingi zenye manowari hazikutaka kuwachukua watuhumiwa na kuwapeleka makwao, kwa hiyo wengi walinyang'anywa silaha, wakapewa maji na mafuta, wakaachiwa warudi pwani. Nimewahi kusikia mabaharia wakilisimulia jambo hili kwa uchungu mkubwa, na siwalaumu.

Kenya ndiyo iliyobeba mzigo huo mapema kuliko nyingine za eneo hili. Mwaka 2006 mahakama ya Mombasa iliwahukumu Wasomali 10 kifungo cha miaka 7 kila mmoja kwa kuteka jahazi la Kihindi, baada ya kukamatwa na manowari ya Marekani. Mwaka 2009 Kenya ilikubaliana na Umoja wa Ulaya na nchi nyingine kupokea watuhumiwa, na mwaka 2010 ikafunguliwa mahakama maalumu katika gereza la Shimo la Tewa, Mombasa. Novemba 2010 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba mahakama zetu hazina mamlaka juu ya makosa yaliyotendeka nje ya maji ya Kenya, na msimamo huo ukadumu hadi Oktoba 2012, Mahakama ya Rufani ilipoutengua. Katika kipindi hicho Ushelisheli, nchi yenye watu wachache kuliko wilaya nyingi za kwetu, ilipokea na kuhukumu makundi kwa makundi.

Ushahidi nao si jambo jepesi. Watuhumiwa wakiiona helikopta hutupa bunduki baharini, kisha husema kuwa ni wavuvi. Kinachobaki mara nyingi ni ngazi ndefu yenye kulabu, na wanamaji walifundishwa kuipiga picha kabla haijazama, kuandika mahali na saa, na kuhesabu mapipa ya mafuta dhidi ya nyavu. Boti yenye mapipa mengi ya petroli na ngazi, isiyo na wavu wala barafu, inajieleza yenyewe mbele ya hakimu. Lakini hakimu anahitaji pia shahidi aliyepanda boti hiyo aje kizimbani Mombasa, wakati yeye amesharudi kwao Ulaya au Asia na manowari yake imeshabadilishwa.

Mvuvi wa Visiwani alijibu:

Ndugu zangu, nimesoma yote kwa makini, na sipingi kwamba meli zililindwa. Ninauliza nani alimlinda mvuvi. Sisi Wabajuni tuna ndugu pande zote mbili za mpaka, kutoka Lamu hadi Kismayu, na kwa miaka mingi, baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, tuliziona meli kubwa za kigeni zikikokota nyavu katika maji yasiyokuwa na mwenyewe. Manowari zilipokuja, zilikuja kuwalinda wanaopita, na waliokuwa wakivuna samaki bila kibali waliendelea kuvuna. Zaidi ya hayo, mvuvi aliye mbali na pwani ndani ya boti yenye mashine alianza kutazamwa kama mshukiwa, na kila helikopta ikipita juu yake alilazimika kuinua mikono na kuonyesha samaki wake. Wawili waliouawa pwani ya Kerala mwezi Februari 2012, wakipigwa risasi na askari wa Italia waliokuwa wakilinda meli ya mafuta, walikuwa wavuvi. Ninaomba jambo hilo lisipitwe juu juu.

Afisa wa Zamu alijibu:

Ndugu Mvuvi, umesema kweli, na tukio la Kerala liliwaumiza hata mabaharia wengi, kwa sababu tunajua jinsi ilivyo rahisi, jua likiwa machoni, kumdhania mvuvi kuwa adui. Walinzi wazuri hupiga king'ora, huwasha taa, huonyesha bunduki juu ya ukingo, na husubiri.

Hata hivyo sikubali kwamba ulinzi ulikuwa wa matajiri peke yao. Juni 2005 meli ndogo ya Mombasa, Semlow, iliyobeba mchele wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa ajili ya Wasomali walioathiriwa na tsunami, ilitekwa na kushikiliwa kwa zaidi ya miezi mitatu ikiwa na mabaharia ambao wengi wao walikuwa Wakenya. Baada ya matukio ya namna hiyo wenye meli wakaogopa kubeba chakula kwenda Somalia, hadi manowari za Ufaransa zilipoanza kuzisindikiza meli hizo mwishoni mwa mwaka 2007. Atalanta ilipoundwa, kuzilinda meli za chakula kulikuwa miongoni mwa majukumu yake ya kwanza, na hakuna hata moja iliyotekwa ikiwa chini ya ulinzi wake. Chakula kile kililiwa na watoto wa Somalia.

Nawakumbuka pia mabaharia maskini ambao hakuna aliyekuwa tayari kuwalipia fidia. Meli ya Iceberg 1 ilitekwa Machi 2010, na watu wake wakakaa mikononi mwa maharamia karibu miaka mitatu, hadi polisi wa baharini wa Puntland, jimbo la Somalia, walipowakomboa Desemba 2012. Wale wa Naham 3, chombo cha uvuvi, walitekwa mwaka 2012 na kuachiwa Oktoba 2016. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2005 na 2012 zililipwa fidia za dola milioni 339 hadi 413. Waliokuwa na kampuni tajiri nyuma yao walitoka baada ya miezi michache. Wasio na mtu walisahauliwa huko.

Shangazi wa Changamwe aliandika tena:

Ahsanteni sana, nyote watatu. Nimemsomea wifi yangu jibu la kwanza, na akasema angalau sasa anajua ni wakati gani wa mwaka wa kuomba dua zaidi. Limebaki swali langu la pili. Hali ikoje sasa, na kijana aulize nini kabla hajapanda meli?

Afisa wa Zamu alijibu:

Dada, uharamia haukufa. Ulinyimwa nafasi, na nafasi ilipopatikana ukarudi. Wenye meli na mashirika yao waliliondoa eneo la Bahari ya Hindi katika orodha ya maeneo ya hatari kubwa tarehe 1 Januari 2023, na meli nyingi zikaacha kuajiri walinzi. Mwishoni mwa mwaka huo Wahouthi wa Yemen wakaanza kuzishambulia meli katika Bahari ya Shamu, manowari zikavutwa kwenda huko, na Desemba 14 maharamia wakaiteka meli ya mizigo Ruen. Jeshi la wanamaji la India liliikomboa Machi 2024 baada ya operesheni ya saa 40 hivi, ikiwemo makomando kushushwa kwa miamvuli kutoka ndege: mabaharia 17 wakatoka salama, na maharamia 35 wakajisalimisha na kupelekwa Mumbai kushtakiwa. Siku chache kabla ya hapo ilitekwa meli ya Abdullah ya Bangladesh, iliyokuwa ikitoka Maputo na makaa ya mawe, na watu wake 23 waliachiwa baada ya mwezi mmoja. Novemba 2025 meli ya mafuta ya Hellas Aphrodite ilipandwa mbali na pwani ya Somalia. Mabaharia 24 wakajifungia chumbani, na manowari ya Uhispania iliyo chini ya Atalanta ikafika siku ya pili na kuwakuta wote wazima.

Kwa hiyo wanaolinda wapo. Atalanta inaendelea, India iko karibu zaidi kuliko zamani, China haijaacha kutuma manowari zake, na sisi wenyewe si watazamaji tu: vituo vya kupashana habari viliwekwa Mombasa na Dar es Salaam chini ya makubaliano ya Djibouti ya kupambana na uharamia ya mwaka 2009, na Oktoba 2011 wanamaji wa Tanzania waliwakamata washukiwa 7 karibu na Mafia baada ya meli ya utafutaji mafuta kushambuliwa. Ila Bahari ya Shamu ni shauri tofauti. Huko hatari ni makombora na droni, na seng'enge wala mipira ya maji haisaidii kitu. Kijana asichanganye hatari hizo mbili, na asikubali mwajiri azichanganye.

Aulize basi, kwa adabu lakini bila woga, mambo haya. Je, meli hujisajili na kituo cha Waingereza kinachopokea taarifa za meli na kile cha Umoja wa Ulaya kabla ya kuingia eneo la hatari, na hutuma taarifa ya mahali ilipo kila siku? Bila usajili huo manowari haijui kwamba upo. Je, kipo chumba cha kujifungia, simu yake ya setilaiti hujaribiwa, na mazoezi hufanywa watu wote wakihesabiwa majina? Mwendo wa meli ikiwa imejaa ni maili ngapi kwa saa, na ubavu unabaki na kimo gani juu ya maji? Je, walinzi huchukuliwa, na kutoka bandari ipi hadi ipi? Na mkataba unasemaje kuhusu mshahara iwapo atatekwa? Sheria ya kimataifa ya kazi za ubaharia sasa inataka mshahara uendelee kulipwa kipindi chote cha kutekwa, kwa hiyo aione ibara hiyo kwa macho yake mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Kampuni ikimjibu maswali hayo bila kusitasita, aende. Ikimwambia kwamba hayo si ya baharia mpya kuuliza, amwonyeshe Wakili mkataba huo kwanza.

Wakili wa Pwani alijibu:

Aulete. Na aje na nakala ya bima ya meli, kama watakubali kumpa.